Dume Lenye Kiwele

Jamani, leo nimeaibika mbele ya ng'ombe. Ng'ombe pamoja na wenye ng'ombe wote!

Mnajua nilivyokuwa nikijigamba humu na makro yangu ya Excel: unaandika namba ya hereni ya ng'ombe, unabonyeza kitufe, jina la mwenye mali na maelezo ya ng'ombe yanatokea. (Nilijiita injinia. Futeni zile skrinishoti.) Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuionyesha, kwenye josho la kijijini kwetu, nje kidogo ya Bariadi. Bosi wangu, Daktari Mussa wa mifugo, kaja mwenyewe.

Kesi ikajileta hapohapo. Kuna ng'ombe aliokotwa anazurura, na Mama Nkwimba, mjane jirani yetu, anasema ni wake, ndiye anayewapa wajukuu maziwa. "Hakuna kubishana," nikatangaza. "Kompyuta haina ndugu!" Hereni namba 47. Nikaandika, nikabonyeza.

Mwenye mali: Maduhu.

Maduhu ni baba yangu mzazi.

Mtu huko nyuma akadakia: "Haina ndugu, ila ina baba!" Mama Nkwimba akashika kichwa. "Ng'wanone, mwanangu, hata wewe?" Na mimi badala ya kunyamaza, nikang'ang'ana: "Mashine haidanganyi, mayu!"

Daktari Mussa akaitazama skrini. Akainama, akachungulia chini ya ng'ombe.

"Hapa pameandikwa dume. Mbona dume lako lina kiwele?"

Wee! Watu walicheka hadi ng'ombe wakatawanyika. Nilitamani nitumbukie joshoni.

Jasho linanitoka, nikafungua makro. Nikaona! Dume la baba ni namba 147, na mifugo ya kwetu niliisajili mwanzo kabisa (wewe ungeanza na ya jirani?). Sikuwa nimeiambia makro itafute namba kamili, kwa hiyo ilipokutana na 47 ndani ya 147 ikaridhika, ikaishia hapo. Nikaongeza neno moja. Moja tu! Nikabonyeza nikiwa nimefumba macho.

Mwenye mali: Nkwimba. Jike, mwekundu.

Vigelegele! Mama Nkwimba akanikumbatia kwa shukrani, "Wabeja, ng'wanone!", akamswaga ng'ombe wake kwenda nyumbani. Daktari anaitaka makro kwa majosho yote ya kata. Nikaondoka kifua mbele, injinia tena.

Anayecheka acheke kimyakimya, yamenitosha. Habari zimeshamfikia baba. Kanipigia sasa hivi: "Sasa ulikuwa na haraka gani ya kuirekebisha?"