Kiti cha Mzee Fakihi

Jumatatu, 14 Julai

Mzee Fakihi anastaafu. Karani wetu wa ghala, miaka ishirini na mbili juu ya kiti kile kile chenye mto wa sponji. Ijumaa ya wiki ijayo anarudi Lindi. Katutangazia leo mchana wakati wa kula, anatafuna taratibu kama mtu asiye na pa kuwahi.

Kwa hiyo kiti kitakuwa wazi. Kiti kiko kivulini. Mwenye kiti habebi boksi hata moja.

Mimi nabeba. Huu mwaka wa nne, hapa Keko, kwenye ghala la vigae la Bosi Jamali. Boksi moja kilo ishirini na nane. Nina miaka arobaini na moja. Mgongo una sabini.

Nimeamua kiti ni changu. Jioni nikampigia mke wangu Adelina, yuko nyumbani Muleba, nikamwambia nimeshapewa. Akapiga vigelegele mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Kesho ukoo mzima utajua. Sasa hakuna kurudi nyuma. Ndivyo afanyavyo mtu jasiri, anaanza na matokeo.

Jumanne, 15 Julai

Si mimi peke yangu. Tupokigwe naye anakitaka. Huyu ni dada wa Kinyakyusa anayechambua vigae vilivyovunjika kule nyuma. Ana cheti cha kidato cha nne na hakifichi.

Mimi niliishia cha pili. Lakini cha pili cha mwaka 2000, kule Kagera. Ni vitu viwili tofauti. Sie tulichapwa kwa ajili ya maziwa makuu ya Kanada, na mpaka leo nayataja yote matano, hata yale ambayo nusu yake iko Marekani. Siku hizi mtu anamaliza cha nne, ukimuuliza Kanada iko wapi anatoa simu. Ukipiga hesabu vizuri, cha pili changu ni sawa na digrii ya leo ukiondoa joho.

Na hapa ghalani hakuna anayejua niliishia wapi. Siku ya kwanza nilipotaja Muleba tu, wakasema aah, Mhaya, huyu lazima kasoma. Wakaniita Nshomile, maana yake "nimesoma" kwa lugha ya kwetu. Mjini hapa Wahaya wote wanaitwa hivyo, watake wasitake. Sikusema uongo. Nilikaa kimya tu, na ukimya haumo kwenye amri kumi.

Leonardi, mbebaji mwenzangu, Mmakonde wa Newala, ananishauri niende kwa Bosi nimwambie ukweli mmoja: ghala zima hakuna anayesikia kigae kama mimi. Hilo ni kweli. Boksi likiwa begani nalitikisa mara moja, najua ndani kuna kilichopasuka. Kigae kizima kinalia kama kengele ya kanisa. Chenye ufa kinakohoa. Hata Tupokigwe nilimfundisha mimi, mwaka juzi, kwa huruma.

Lakini nikamwambia Leonardi hayo ni mambo ya bega. Kiti kinataka kichwa.

Jumatano, 16 Julai

Nimepata njia. Mtu anashikwa kwa mchezo wake.

Kila watu wana mchezo wao, hili halihitaji shule. Mkenya anakimbia. Mbrazili anapiga chenga. Mzungu anaogelea hata kama hana mto wa kuvuka. Na Mhindi ni kriketi. Bosi Jamali ni Mhindi. Hesabu imekwisha. Nikimwendea na kriketi, atanikumbatia.

Nilimweleza Leonardi. Akasema Bosi amezaliwa hapa hapa Keko, na baba yake kazaliwa Kilwa. Nikamjibu paka akizaliwa zizini hawi ng'ombe. Akaniuliza, na wewe uliyeingia zizini juzi kwa basi la Bukoba, ng'ombe ni wewe?

Swali lilikuwa chini ya kiwango.

Jumapili, 20 Julai

Nimekosa misa kwa ajili ya kazi. Mungu anaelewa mambo ya kupandishwa cheo.

Nilikwenda Upanga, kwenye uwanja wa kriketi. Nikakaa na daftari. Watu wamevaa nyeupe, wamesimama mbalimbali kama waliogombana. Kila baada ya muda mmoja anakimbia, anarusha, wengine wanapiga makofi kidogo, wanarudi kusimama. Nikangoja mchezo uanze. Baada ya saa mbili wakaenda kunywa chai. Nikaambiwa nusu imekwisha.

Mambo mengine hayakunikaa sawa. Mrushaji hodari kuliko wote alikuwa kijana mweusi tititi, watu wanamwita Gaspar, na wanasema kwao Songea. Mwandika alama alikuwa binti wa Kipare. Wahindi niliowakuta walikuwa wamekaa kivulini, wanagombana kuhusu Simba na Yanga mpaka mmoja kamwaga karanga. Nikamwuliza mzee wa Kihindi aliyekuwa pembeni yangu, anakula muhogo wa kuchoma, anifafanulie sheria. Akasema, mwanangu, mie hata sijui, nimekuja hapa kumkimbia mke wangu.

Nadhani ni unyenyekevu. Wahindi hawapendi kuonyesha utaalamu mbele ya mgeni.

Nimekariri maneno sita. Yanatosha.

Jumatatu, 21 Julai

Nilimsubiri Bosi getini saa moja na nusu. Nikampa shikamoo. Nikamwambia jana nilikuwa kwenye kriketi, vijana wa kwenu wamecheza vizuri sana.

Akasimama. Akaniuliza kwetu wapi, Keko?

Nikamwaga maneno yote sita kwa pamoja. Akanitazama kama mtu anayeletewa mzigo ambao hakuuagiza. Akasema, Nshomile, mie kriketi hata siijui, mchezo gani watu wanaacha wanakwenda kunywa chai? Halafu akaniuliza nimeingia Dar mwaka gani. Nikasema 2021. Akasema, basi hapa mgeni nani? Karibu sana, jisikie upo nyumbani. Wabebaji wote walikuwa wanasikia. Leonardi alicheka mpaka akakaa juu ya vigae.

Lakini Bosi akaniita ofisini. Ukutani ana picha, sikuwahi kuiona. Kijana mwembamba wa Kihindi ana nywele nyingi, amevaa glavu za kipa zilizochanika, nyuma yake goli la miti. Ni yeye, mwaka 1989, timu ya mtaa huku Temeke. Anasema alikuwa anaokoa penalti kama anadaka mkate. Akidaka, mashabiki wa upande wa pili wanaimba, Mhindi rudi dukani, Mhindi rudi dukani. Akawazoea. Ikaja siku wakaimba hivyo mashabiki wa timu yake mwenyewe, kwa goli moja alilofungwa. Akavua glavu pale pale golini, akaziweka juu ya mstari, akaenda nyumbani. Hajacheza tena.

Nilitaka kusema kitu. Maneno niliyokuwa nayo yote yalikuwa ya kriketi.

Akasema shida ya watu ni kumtazama mtu usoni wakadhani wamemaliza kumsoma. Akaniuliza, wewe kwa mfano, wanasema Mhaya, basi lazima umesoma. Umesoma kweli? Akaniambia nisiogope, yeye mwenyewe aliishia darasa la saba, akaingia dukani kwa baba yake.

Hapo kulikuwa na nafasi. Niliiona. Ilikuwa wazi kama mlango wa kontena.

Nikamwambia nimesoma mpaka macho yakaniuma.

Akatikisa kichwa polepole. Akasema sawa, Alhamisi kuna jaribio dogo, mimi na Tupokigwe.

Darasa la saba! Namhurumia. Mtu kama huyu anamhitaji msomi karibu yake.

Jumanne, 22 Julai

Nimenunua tai ya mtumba Tandika. Nyekundu, ina michirizi, muuzaji anasema ilikuwa ya wakili.

Mzee Fakihi aliniita. Akaniambia, mwanangu, ukikaa kwenye kiti hiki sikiliza kigae kwanza, makaratasi yatafuata yenyewe. Nilimshukuru kwa heshima. Wazee wa Kusini wana hekima, ila elimu yao ni ya zamani.

Alhamisi, 24 Julai

Naandika yote kama yalivyotokea, ili haki ionekane.

Asubuhi lilikuja kontena. Nikabeba na wenzangu mpaka saa nne. Saa tano nikanawa, nikavaa tai, nikaenda.

Bosi alikuwa amepanga maboksi kumi sakafuni, yametoka kwenye kontena lile lile. Kila boksi vigae vinne. Akasema: bila kufungua, niambieni humu ndani kuna vigae vingapi vizima. Wabebaji wote wamesimama ukutani kama siku ya kura.

Tupokigwe akaanza. Akapiga magoti, dada wa watu, na gauni lake la kazini. Akainua pembe ya boksi, akatikisa, akatega sikio. Akagonga kwa kidole kilichokunjwa. Boksi kwa boksi. Vile vile nilivyomfundisha, hata kile kidole. Akasimama akasema thelathini na vitano.

Nikaona aibu kwa niaba yake. Mtu mwenye cheti, magotini.

Ilipofika zamu yangu sikugusa kitu. Nikatoa kalamu. Nikasema kwa sauti ya ofisi kwamba kontena lililopita lilivunjika asilimia tano, kwamba vigae arobaini mara asilimia tano ni viwili, na kwamba jibu ni thelathini na vinane. Leonardi alikuwa ananifanyia ishara kule ukutani, anatikisa boksi la hewani, anagusa sikio. Nikageuza uso.

Yakafunguliwa. Boksi la tatu viwili vimepasuka. La saba viwili. La tisa kimoja. Vizima thelathini na vitano.

Sasa niseme jambo ambalo sijamwambia mtu. Mimi ndiye niliyeyabeba yale maboksi asubuhi. La tatu lilikuwa linalia begani kama debe la misumari. La saba na la tisa pia. Nilijua jibu kabla Tupokigwe hajapiga magoti. Bega langu lilijua. Lakini mtu aliyesoma mpaka macho yakamuuma hawezi kujibu kwa bega.

Bosi akanivuta pembeni. Akasema alitaka kunipa mimi. Akasema Mzee Fakihi alishamwambia ghalani kuna mtu mmoja anasikia kigae, na jaribio lile alilitengeneza kwa ajili yangu. Akaniuliza, mbona hukutikisa?

Nikamwambia mgongo uliniuma.

Ilikuwa kweli. Unauma mpaka sasa.

Ijumaa, 25 Julai

Tumemuaga Mzee Fakihi. Pilau, soda, khanga mbili za mkewe. Mto wa sponji kaondoka nao, kumbe ulikuwa wake. Nimefurahi. Tupokigwe atakalia mbao.

Mchana Tupokigwe akaja mpaka nilipokuwa. Akaniita kaka Audax, jina langu halisi, sijui alilitoa wapi. Akasema amemwomba Bosi awepo mkaguzi getini, wa kusikiliza kila boksi linaloingia kabla yeye hajaliandika, na jina alilopeleka ni langu. Akamwambia Bosi kwamba yeye ni mwanafunzi tu, mwalimu ni mimi. Kuna kigoda. Kuna turubai la kivuli. Sitabeba tena, nitagonga tu.

Nilikung'uta vumbi la vigae kwenye shati.

Halafu nikaelewa. Dada kajiona hawezi. Kiti kimemzidi ndani ya siku moja, anamtafuta msomi. Nikamwambia nitalifikiria, nikahesabu mpaka kumi, nikakubali.

Adelina nimempigia. Nimemwambia tumekuwa maafisa wawili, na mimi ndiye niliyemfundisha mwenzangu. Kwa mara ya kwanza wiki hizi mbili nimesema kitu cha kweli kwenye simu, na hakupiga vigelegele. Akauliza tu, mgongo je?

Jumatano, 30 Julai

Cheo kinanikaa vizuri. Tai navaa kila siku. Turubai linavuja upande mmoja, nakaa upande wa pili.

Nafasi yangu ya kubeba iko wazi, na Bosi kasema wanaokuja nianze kuwaangalia mimi getini. Leo kaja mmoja, Venance, mtu wa Mbulu, mrefu, mwembamba, miaka kama thelathini. Nilipomwona tu nikajua. Watu wa Mbulu ni wakimbiaji. Wanashinda mbio ndefu, mizigo siyo yao. Nikamwambia ghala si uwanja.

Hakubisha. Akainama, akaweka boksi moja bega la kulia na lingine la kushoto, kilo hamsini na sita, akatembea mpaka kwenye mzani na kurudi. Katikati ya njia akasimama. Akasema, samahani mkuu, hili la kushoto ndani kuna kilichopasuka.

Nikaligonga. Likakohoa.

Nikamwomba cheti cha kidato cha nne. Akasema hana, aliacha cha pili, baba alifariki. Nikamweleza kwa upole kwamba ghala hili lina utaratibu, na kwamba kusikia vigae ni jambo la bega, mtu yeyote anaweza. Akanitazama, akatazama tai, akaniuliza kwa sauti ya chini, wewe braza ulimaliza?

Nikamwambia maswali yanaulizwa ofisini.

Akaenda ofisini. Tupokigwe kaandika jina lake kitabuni bila hata kunishauri, anaanza kesho. Sikugombana. Nimeandika tu hapa, kwa wino, tarehe ikiwepo, ili siku nchi hii itakapouliza ni nani aliyepigania viwango vya elimu, ijulikane kulikuwa na mtu mmoja, getini, Keko.