Picha Kumi na Mbili za Ukoo wa Mzee Ebenezeri

Alhamisi, 19 Desemba 1996

Nimependa! Si mwanamke, Eunike mke wangu asije akasoma hapa nikakosa chakula. Kamera! Ya boksi, macho mawili mbele, filamu pana kuliko vidole vitatu. Unaiweka kifuani, unainama, unachungulia kioo cha juu, na humo dunia imetulia inang'aa. Nimetazama mgomba wa jirani, nusura nilie. Filamu moja, picha kumi na mbili tu. Nimebadilishana na fundi saa wa Njoro kwa baiskeli yangu. Eunike kauliza baiskeli iko wapi. Nikamwambia iko kwa fundi. Si uongo.

Jumamosi, 21 Desemba

Nimepanda Machame kwa baba mkwe, Mzee Ebenezeri. Miaka themanini na nane, hajawahi kupigwa picha na watoto wake wote saba pamoja. Krismasi hii wote wanakuja. Tarehe 27 wanatawanyika. Kazi alishapewa mpiga picha Ildefonce, mwenye filamu ya picha thelathini na sita, rangi, fleshi, na majivuno. Nikamnong'oneza Mzee kwamba Ildefonce hukata watu vichwa. (Mara moja tu, tena cha mbuzi.) Kakubali nipige mimi. Kasema macho yake yanafifia, anataka awaone wote mahali pamoja kabla hayajazimika. Nimeapa.

Alhamisi, 26 Desemba

Siku yangu! Watu thelathini na wanne, kilele cha Kibo nyuma yao bila wingu. Ildefonce kaja eti kusalimia. Ndani ya kioo kushoto ni kulia. Shangazi Loveness nimemsogeza mpaka akaingia bandani kwa ng'ombe. Kisha nikainama. Kimya! Hata watoto! Sijawahi kuona watu wanaoheshimu sanaa kiasi hiki. Nikakaza macho kwenye Kibo, wingu lisije likaninyang'anya. Kumi na mbili bila kupumzika. Ildefonce kafunika mdomo. Wivu. Mwishoni Mzee akasema Amina, nami nikaitikia Amina. Mtu wa shukrani sana.

Jumatatu, 30 Desemba

Nimesafisha filamu. Ole wangu! Kibo safi, barafu unaweza kuihesabu mikunjo. Na chini yake watu thelathini na wanne wameinamisha vichwa, macho wamefumba. Picha zote! Eunike kacheka mpaka kakaa chini, ndipo akanieleza: nilipoinama kimya, baba yake alidhani nafungua kwa sala. Na kwao hakuna anayeinua kichwa kabla ya Mzee. Watoto wamesharudi Dar na Arusha. Sijala.

Jumatano, 1 Januari 1997

Nimepanda na jani la isale mkononi, maana Mchagga ukimletea isale hawezi kukunyima msamaha. Mzee kaisogeza picha mpaka puani. Akaanza kuwataja watoto wake kwa vipara na vilemba, wote saba, bila kukosea. Kasema tangu wakue hajawahi kuwaona wakisali pamoja bila mmoja kuchungulia saa. Akalia. Nami nikalia, furaha na aibu pamoja. Isale kanirudishia, kasema halina kazi.

Nimepitia kwa Ildefonce kumjulisha kwamba nilipanga hivyo tangu mwanzo. Eunike kauliza tena baiskeli. Bado iko kwa fundi. Jumamosi nina harusi Tarakea. Nimeshawaagiza bwana na bibi harusi wafumbe macho.