Kalamu Nyeusi ya Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Roho inaniuma. Si ugonjwa. Ni shemeji yangu.

Mjukuu wangu wa kwanza kaja asubuhi kutusalimia. Jumamosi anafunga ndoa kwa msajili, kwenye jengo lile lile nililofanyia utarishi miaka thelathini na mmoja, nikibeba saini za watu kutoka meza hii kwenda meza ile. Kanywa chai. Kanisifia afya, uongo mtupu. Kisha kasema atatia saini kwa kalamu ya wino, maana anapenda kitu cha kizamani. Moyo ukaruka! Nikaanza kuinuka niende kabatini. Akamalizia: ile nyeusi ya Babu Mdogo.

Babu Mdogo! Mdogo wake mke wangu. Karani mstaafu wa posta. Kaanza kukusanya kalamu juzi tu, miaka minne haijatimia, leo ana kabati la vioo lenye taa ndani. Mimi nina kalamu arobaini na sita kwenye kopo la biskuti, na zote nimezifufua kwa mikono yangu. Zilikuja kwangu maiti: nibu, zile ncha za kuandikia, zimepinda, vifuko vya mpira vya kunyonyea wino vimekauka kama kucha. Sasa zinaandika. Za Shemeji zimekaa kwenye taa zinasubiri kutazamwa.

Nimemwambia mjukuu kachagua vizuri. Nimesema kwa tabasamu. Taya bado linaniuma.

Jumanne, 5 Machi

Nimempelekea mjukuu kopo zima kwa fundi cherehani anayemshonea gauni la harusi. Nimemwaga kalamu zote mezani, katikati ya pini na vipande vya gauni. Kazisifu moja moja, kwa adabu, kama mtu anayetazama watoto wa jirani. Ile ya kijani kasema inafanana na chupa ya dawa ya kikohozi. Halafu kanitania kwamba nina wivu kwa sababu ananiacha, mimi mumewe wa kwanza. Fundi cherehani kacheka mpaka kadondosha sindano.

Mimi na wivu? Wapi.

Jioni kaja nani? Shemeji mwenyewe, kalamu nyeusi ndani ya kitambaa, kaishika kama yai. Kifuko chake kimepasuka, haishiki wino. Kanibembeleza niitengeneze kabla ya Jumamosi. Kasema hakuna mkono anaouamini kama wangu.

Nimemwambia aiache tu. Nimeipokea kwa mikono miwili.

Jumatano, 6 Machi

Mtu asiyeshika kalamu hizi hajui. Zile nyeusi za zamani zimetengenezwa kwa mpira mgumu, na mpira ule na maji havipatani. Ukiuloweka kwenye maji moto, ukauanika na jua, weusi wote unachujuka. Unabaki na kitu cha rangi ya matope. Kila fundi anajua. Shemeji si fundi.

Saa tatu asubuhi: kalamu ndani ya glasi, glasi dirishani, jua kali. Mke wangu kauliza kwa nini napika kalamu. Nimesema ni utaalamu. Kasema anaufahamu utaalamu wangu, na akaondoka.

Saa sita: imeanza kupauka. Saa tisa: kahawia! Imenisikitisha kidogo. Ilikuwa kalamu nzuri. Nimebadilisha maji.

Huku nikingoja nimeshughulikia yangu ya bluu, ile ya mistari, mfalme wa kopo. Nibu yake nimeinoa kwa msasa laini miaka kumi na saba, kidogo kidogo, mpaka imezoea mkono wangu wa kushoto. Inateleza kama sabuni. Ya Shemeji ikiharibika mjukuu atatafuta nyingine, na nyingine itakuwa hii. Jambo limekwisha.

Alhamisi, 7 Machi

Halijaisha.

Shemeji kaja mchana. Nilikuwa nimejiandaa kabisa: mkono kidevuni, maneno ya pole mdomoni. Nimeiweka kalamu mbele yake. Katoa kioo chake cha kukuzia. Kaigeuza. Midomo ikaanza kumtetemeka, nikajua sasa analia.

Kweli kalia. Kwa furaha! Kasema siku zote alihisi chini ya ule weusi kuna rangi nyingine, na kwamba za kahawia ni adimu mno, hajawahi kuona hata moja kwa macho yake. Kanishukuru kwa kuondoa uchafu wa miaka themanini. Kanikumbatia. Mimi! Nikabaki mikono ikining'inia kama mashati kwenye kamba.

Kampigia mjukuu simu papo hapo. Mjukuu kaja na bodaboda. Kupiga jicho tu kapiga makofi: rangi ile ile ya suti ya bwana harusi. Sasa hata umwambie nini.

Shemeji kaniachia kalamu nimalizie kifuko. Chakula cha jioni sijakigusa. Mke wangu kadhani naumwa.

Ijumaa, 8 Machi

Kifuko kipya nimetia. Kazi safi, siwezi kujidanganya. Mkono hauna wivu, wivu uko juu zaidi.

Lakini nibu ina mfereji mwembamba katikati, wino hupitia humo. Na mimi nina mshumaa. Nta chembe tu, kama punje ya ufuta, nikaisukuma ndani kwa wembe. Hapo wino haupiti ng'o. Kalamu itagoma mbele ya watu, Shemeji ataumbuka, na mzee mmoja mwenye busara atainuka kutoka safu ya pili akiwa na kalamu ya bluu.

Shemeji kaja kuichukua saa kumi. Nimemwonya asiijaribu, asije akaichosha kabla ya siku yenyewe. Kaniamini! Karani wa posta miaka yote ile, na bado anaamini watu.

Nimepiga pasi shati mwenyewe.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nikiwa bado na shati la harusi. Lina wino hadi kwenye kola.

Tulijaa ofisini. Mjukuu kapendeza mpaka nikasahau shida zangu kwa dakika nzima. Msajili kafungua lile daftari kubwa la ndoa, kamwonyesha mstari. Shemeji kamkabidhi kalamu kwa mikono yote miwili. Mjukuu kaandika. Karatasi ikabaki nyeupe. Kakandamiza. Nyeupe. Shemeji kaichukua, kaikung'uta, kailamba nibu mbele ya wazazi wa bwana harusi. Jasho linamtiririka. Furaha yangu! Nilikaa nayo kama sekunde kumi na mbili.

Maana Shemeji kawageukia watu, sauti haina nguvu, kasema:

"Jamani, kosa ni langu. Fundi kaitengeneza vizuri kabisa, mimi ndiye sikuijaribu."

Watu wote wakamwonea huruma. Mama wa bwana harusi kampa leso. Hata lawama kachukua yeye!

Nikainuka. Nilitembea taratibu, kifua mbele, nikaichomoa bluu mfukoni. Mjukuu kanitazama kwa shukrani, naapa, jicho lile sitalisahau. Kaishika. Kwa mkono wa kulia.

Mkono wa kulia.

Mkono wa kushoto husukuma kalamu, wa kulia huvuta. Miaka kumi na saba ya msasa, na jambo hilo halijanipitia kichwani. Nibu ilikwaruza kama kucha kwenye sufuria. Ikang'ang'ania karatasi. Mjukuu kavuta zaidi, nami nikaingiza mkono kumsaidia, ndipo ikatema wino wote kwa mkupuo mmoja: juu ya daftari, juu ya jina la bwana harusi, juu ya msajili, na mwingine kwangu. Gauni likapona kwa unene wa kidole.

Msajili kajifuta wino. Kaupiga ukurasa mistari miwili, kafungua mpya, kaanza kuandika yote upya, herufi moja moja, nusu saa nzima. Watoto wakalala. Alipomaliza kachomoa peni yake ya plastiki kwenye mfuko wa shati, ya dukani, kifuniko kimetafunwa chote, kampa mjukuu. Mjukuu katia saini. Kwisha.

Nikawa nanyemelea mlango. Nikasikia naitwa.

"Babu, unakwenda wapi? Njoo utie saini, wewe ndiye shahidi wangu."

Nikarudi mezani. Alikuwa amenificha jambo hilo makusudi, iwe ghafla. Kaninong'oneza hakutaka babu hata mmoja ajione amesahaulika: saini yake kwa kalamu ya Babu Mdogo, na yangu, hapo chini yake, kwa kalamu yangu mwenyewe. Ile ya bluu. Ndiyo maana hakuiazima.

Bluu ilikuwa mfukoni, tupu, haina hata tone. Nimetia saini kwa peni iliyotafunwa. Mjukuu kanifuta wino kwenye shavu kwa kidole chake.

Kalamu ya Shemeji nimeiomba niende nayo nyumbani niichunguze. Kanipa. Nta nimeshaitoa. Inaandika vizuri kuliko yangu yoyote. Nitamwambia Shemeji ulikuwa uchafu.

Jumatatu, 11 Machi

Nilikuwa nimeazimia kuwa mtu mwema. Nilianza vizuri, mpaka saa nne.

Saa nne nimekwenda kumrudishia Shemeji kalamu yake. Nikaona kabati. Rafu ya juu kaondoa kalamu zote, kaweka kitu kimoja tu chini ya taa: ile peni ya plastiki! Kaenda kumwomba msajili, kapewa. Na kadi kaandika kwa mwandiko wake wa posta: Kalamu iliyofunga ndoa ya mjukuu wangu.

Wangu! Yeye ni babu wa pembeni. Saini ya shahidi ni ya nani?

Nimetoka pale moja kwa moja hadi kwa msajili. Mtu muungwana. Karudisha kiti nyuma kidogo aliponiona, lakini kanisikiliza. Kanionyesha boksi lake: peni kumi na moja, ndugu wa tumbo moja na ile. Kanipa moja bila maswali, nadhani ili niondoke.

Ninayo hapa. Nitasema hii ndiyo yenyewe, Shemeji alipewa siyo. Kinachokosekana ni alama za meno tu. Msajili ana meno yote, yamejipanga kama askari. Mimi ninayo saba na hayafahamiani. Nimejaribu kutafuna kifuniko, imeonekana kazi ya panya. Nimemwomba mke wangu anitafunie. Kaingia ndani na kufunga mlango.

Bwana harusi ana meno mazuri, nimeyaona kwenye picha. Jumapili wanakuja kutusalimia. Nitamkalisha kwenye kiti cha dirishani, nimwekee peni mkononi na fumbo la gazeti gumu kweli kweli. Chai nitaichelewesha.