Kiungo Kimechoka

Jumatatu, 3 Machi

Taya la kulia linalia. Sitanii. Klik, kila nikipanua mdomo, na maumivu yanapanda hadi sikioni. Leo nilikuwa nanadi meza ya chakula, mama mmoja wa mstari wa mbele akainama kuangalia nimekanyaga nini. Shemeji, kaka yake mke wangu, anayepanga bidhaa pale mnadani, akaniuliza kwa upole kama niko sawa. Upole wake naujua. Anakimezea mate kipaza sauti changu, na kazi hiyo ya kupanga nilimtafutia mimi mwenyewe. Jumamosi tunauza samani zote za hoteli iliyofungwa, na bosi amesema nikiuendesha mnada ule vizuri, mimi ndiye mnadi mkuu. Miaka tisa nimekingoja cheo hicho. Shemeji asijue lolote.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu amenipangia miadi kwa daktari wa meno bila kuniuliza. Nimekwenda, ila kwa akili yangu: nipate karatasi inayosema mimi mzima, nimwekee bosi mezani kabla sijachongewa. Daktari ni mama mfupi mwenye vidole vya baridi. Akanibonyeza mbele ya masikio, fungua, funga, akauliza kama nasaga meno usingizini. Nikamwambia nikilala sina shughuli nyingine. Akasema meno ya nyuma yamelika, akaeleza mambo marefu ambayo sikuyasikia vizuri, maana nilikuwa natunga maneno ya ile karatasi. Nililoshika ni hili: shida ni kiungo, kiungo kimechoka, na nikizidi kukitumia ovyo nitajuta. Karatasi hakunipa. Amechukua kipimo cha meno, anitengenezee kifaa cha kuvaa nikilala.

Kiungo! Sasa nani ananipikia?

Jumatano, 5 Machi

Nimepekua kabati la jikoni. Mdalasini, iliki, bizari, pilipili manga, na kopo moja zito lisilo na jina. Limetoka wapi? Mke wangu akasema kaka yake ndiye aliyelileta. Basi, nimeelewa. Vyote vimekwenda kwenye pipa la taka, na gari la taka limeshapita. Nilimweleza kistaarabu kwamba kiungo kimechoka, ni maneno ya daktari, si yangu. Akauliza ni daktari gani wa meno anayeonja mchuzi wa watu. Amenuna. Tumekula viazi vya kuchemsha na maji.

Alhamisi, 6 Machi

Siku nzima bila kiungo hata chembe, na taya linalia kuliko jana. Nadhani sumu ndiyo inatoka. Mlinzi wa getini anasema taya linataka mazoezi tu. Nimenunua pakiti sita za chingamu, nimetafuna tangu chai ya asubuhi hadi jioni. Shemeji akaja kuniarifu kuwa lile kopo lilikuwa na vifungo vya mashati yangu, dada yake alimwomba amtafutie. Vifungo! Mtu ana majibu ya kila kitu. Kisha akaniletea taulo la maji ya moto nijikande shavu. Nimelikataa.

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi ulifurika. Nilianza vizuri: viti, vioo, mazulia, ulimi unateleza wenyewe. Bosi akawa anatabasamu, nikajiona mtu. Likaletwa kabati la nguo la milango mitatu. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya ta, na mdomo ukabaki hapo hapo. Nikasukuma kidevu kwa mkono. Wapi! Watu mia mbili wananitazama nimeachama, nyundo iko hewani. Wengine walidhani nangoja bei ipande, wakaipandisha. Bila kusema tatu, kabati halina mwenyewe. Shemeji akapanda jukwaani, akanitoa kipaza mkononi taratibu, akasema tatu. Akaendelea hadi mto wa mwisho bila kukosea. Naandika ukweli kwa kuwa hapa hasomi mtu: alikuwa hodari, na hilo limeniuma kuliko taya.

Jumatatu, 10 Machi

Taya daktari alilirudisha siku ile ile. Leo amenipa kifaa, na somo upya, safari hii akiwa na fuvu la plastiki mkononi. Kiungo, amesema, ni hapa taya linapoungana na fuvu. Mke wangu, aliyenisindikiza ili nisikilize, alicheka hadi akatoka nje kutafuta hewa. Kisha masharti: chakula laini, kujikanda kwa kitambaa cha moto, chingamu marufuku, meno yasigusane ila wakati wa kula. Kwa wiki mbili nisipanue mdomo, hata miayo niizuie kwa kushika kidevu. Akaongeza kwamba wenye kinyongo hubana meno bila kujijua. Nikamjibu, meno yakiwa yamebana, kwamba sina kinyongo na mtu.

Jioni bosi akapiga simu. Kipaza ni cha shemeji. Mimi nitaandikisha wanunuzi mlangoni.

Sawa. Lakini miayo huambukiza, kila mtu anajua. Jumamosi nikishawaandikisha, nitakaa mstari wa mbele kabisa, nipige miayo mikubwa, mmoja baada ya mwingine, hadi ukumbi mzima upige. Tuone atamuuzia nani. Nimeanza mazoezi mbele ya kioo cha chumbani. Mdomo unapanuka vizuri sana. Vidole vitatu vinaingia bila shida, na cha nne nakisukuma.