Ukuta Mliouvunja Umeniangukia Mimi

Kwa Bi. Kaluki Mwau,
Mwandishi wa Mchezo,
Nairobi.

Bi. Kaluki,

KUH: KUJENGWA UPYA KWA UKUTA WA NNE

Natumai hujambo. Mimi ni fundi wa mawe, mkaaji wa Waithaka. Jumapili iliyopita nilimleta mke wangu Philister mjini kutazama mchezo wako. Tulikaa kwa raha zetu, tukitazama shida za watu wa jukwaani. Ghafla Musili, yule anayeigiza mume, akatugeukia: "Na nyinyi? Nani hapa ana kitu anachomficha mtu wa kwake? Asimame!"

Nikasimama. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nimelelewa kanisani, Vihiga. Huko mtu wa mbele akiuliza "nani", mmoja husimama akatoa ushuhuda. Nilisema "Bwana asifiwe", ukumbi ukaitikia "Amina", nikakiri kwamba kwaya ilinifukuza miaka miwili iliyopita kwa ajili ya sauti yangu, na kwamba kila Jumamosi, nikiaga naenda mazoezi, huwa nacheza drafti kule mtaa wa Jamhuri. Nilipigiwa makofi ambayo Musili hakuyapata siku nzima.

2. Baadaye Musili alinieleza kwamba swali lile halikutaka jibu, eti ninyi waandishi huita hiyo kuvunja ukuta wa nne, ule usioonekana kati ya jukwaa na sisi watazamaji. Bi. Kaluki, nimejenga miaka ishirini. Ukuta hauvunjwi kabla ya kuwaambia waliokaa upande wa pili.

3. Philister ndiye hulipiga pasi joho langu la kwaya kila Jumamosi. Tangu siku hiyo joho liko sandukuni na mimi sisemeshwi. Hili linaniuma kuliko yote.

4. Kwa hivyo njoo Waithaka umwambie kwamba nilikuwa naigiza. Ukikataa, ukuta ujengwe. Mawe nitaleta mwenyewe, na dirisha dogo nitawaachia.

Nisalimie waigizaji wote, na yule mama wa tiketi, na hata Musili.

Ni mimi mtazamaji wako niliyeumia,
Bramwel Kegode

N.B. Kabla sijaituma barua hii, Philister alirudi kwenye mchezo bila kuniambia. Musili alipouliza swali lake, yeye naye akasimama. Akasema alijua tangu wiki ile ya kwanza, mwalimu wa kwaya alimwambia, na kwamba miaka yote miwili alilipiga joho pasi ili nisione aibu nikitoka nyumbani; kilichomuudhi ni kwamba niliwaambia wageni kabla yake. Amenieleza haya mwenyewe asubuhi ya leo, nami nimelia bila kuulizwa na mwigizaji yeyote. Ukuta uacheni vivyo hivyo. Tuwekeeni viti viwili vya mbele Jumamosi, maana sina mazoezi.