Ngolo Mbele ya Geti

Kama kuna mtu aliyewahi kuishinda serikali kwa kalamu, kisha akashindwa kuingia nyumbani kwake mwenyewe, basi ni jirani yangu Osward Kapinga!

Osward alikuwa karani Songea miaka thelathini. Alipostaafu alirudi kwetu, njia ya Mbinga ukishaipita Kitai, akajenga nyumba ya bati jekundu mlimani juu ya barabara. Geti lake ni kubwa kuliko sebule yangu. Alistaafu kazi, ukarani ukagoma kumtoka! Hata leo ukimsalimia anajibu, "Salamu zako zimepokelewa."

Mwezi wa tatu binti yake Edina akapata mchumba. Wakwe wakatuma neno kwamba Jumamosi wanaleta posa. Osward akapagawa! Akapanda maua kuanzia getini mpaka kwenye lami, mtaro wa barabara ukamezwa wote. Kisha akamwendea Mama Walburga, jirani wa ubavuni, mwenye nguruwe kumi na mmoja.

"Shemeji, Jumamosi nguruwe wako wahame."

"Wahamie wapi, shemeji? Na wao hapa ndipo kwao."

"Wakwe zangu ni watu wa mjini! Harufu hii hawaijui!"

"Basi wataijua," alisema Walburga, akaendelea kumenya mihogo.

Jumatatu akaja afisa mtendaji wa kata, Lusekelo, kijana mpole aliyehamia kwetu kutoka Kyela.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kwa barua yenye kumbukumbu namba ngapi?"

"Nimekuja kwa miguu tu, mzee. Maua yako yamo kwenye hifadhi ya barabara na mtaro umeziba. Ijumaa mhandisi anakuja kukagua. Akiyakuta, anayang'oa."

Lo! Bila maua, wakwe wangepokewa na tope jekundu na nguruwe kumi na mmoja! Osward alizunguka uani mpaka kuku wakamkimbia. Ghafla akapiga paja.

"Mama Edina! Leta jembe! Maua watang'oa, lakini ngolo nani atathubutu?"

Kwa asiyetujua: Mmatengo halimi mlima bila ngolo. Mwanamume anakata nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatizana. Mwanamke anachimba udongo wa katikati na kuzifukia nyasi kwa udongo huo, yanabaki mashimo. Mvua ikija, maji yanatulia shimoni na udongo haukimbii. Babu zetu walilima hivyo, na sisi tunalima hivyo hivyo.

Basi Osward aliyang'oa maua kwa mkono wake, akauzibua mtaro, akalaza nyasi ubavu mzima wa mlima mbele ya nyumba. Mkewe Lukresia alichimba kimyakimya hadi alipofika mbele ya geti.

"Baba Edina, na hapa?"

"Na hapo! Ngolo ikiachwa pengo, maji yanapasua yote. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua."

"Na wakwe watapita wapi?"

"Wewe chimba! Mhandisi akishaondoka, Jumamosi asubuhi nafukua njia."

Lukresia akachimba, akapanda na maharage juu yake.

Alhamisi ikanyesha mvua ya kuvunja migomba! Kuanzia kwetu hadi kilima cha pili, kingo zote zilibomoka na tope likalala barabarani. Kwa Osward tu hapakudondoka hata bonge moja. Ijumaa mhandisi alishuka garini na Lusekelo, akatazama, akavua kofia.

"Mzee, hii isiguswe! Nitaleta watu waje kujifunza."

Hapo mtu mwenye akili angesema asante, akanyamaza. Osward akasema, "Niandikiwe barua!" Lusekelo alipotoa kalamu, alinyang'anywa. "Lugha ya serikali niachie mimi, kijana." Akaandika mwenyewe, akiisoma kwa sauti ya misa:

"Ngolo hizi zisikanyagwe, zisifukuliwe wala zisipunguzwe na mtu yeyote, wa cheo chochote, kwa miguu au kwa chombo, kwa kisingizio chochote kile!"

Mhandisi akasaini. Lusekelo akagonga muhuri. Osward akaibusu ile karatasi, na jioni alipita kila nyumba kutusomea. Kwangu aliisoma mara mbili.

Jumamosi asubuhi, suti mwilini na jembe mkononi, alifungua geti ili afukue njia. Lusekelo alikuwa hapo nje akichomeka kibao.

"Shikamoo, mzee. Hilo jembe la nini?"

"Nafungua njia. Wakwe wako Kitai tayari!"

"Haiwezekani, mzee. Barua."

"Barua nimeandika mimi!"

"Vizuri sana umeandika. 'Mtu yeyote, wa cheo chochote.' Nilitaka kuweka 'isipokuwa mwenye nyumba', ukaninyang'anya kalamu."

Nacheka hadi leo! Nyuma ya nyumba kuna korongo. Upande mmoja kuna jabali. Upande wa pili, wenzangu, kuna banda la Mama Walburga.

Osward alivua suti, akavaa gambuti na kaptura ya shamba, akaenda kupiga magoti. Walburga alimwacha hapo chini mpaka mihogo ilipoiva.

"Pita, shemeji. Ila nguruwe utawashika mwenyewe."

Wakwe walifika kwa Noah nyeupe. Mshenga wao, bwana mmoja wa viatu vilivyong'aa, aliongozwa bandani na mzee aliyelowa tope hadi kiunoni, amekumbatia nguruwe dume huku akipiga kelele, "Piteni upesi, karibuni sana, huyu ananishinda!"

Wakapita, wakanawa, wakaketi sebuleni. Osward naye akajimwagia maji uani, akapenya dirisha la nyuma, akarudia suti yake, akaingia kwa hatua za mkuu wa mkoa.

Mshenga akasimama, akakohoa.

"Wazee wangu, kabla ya kuongea na baba wa binti, tuna ombi moja. Yule mzee wenu wa kuchunga nguruwe katusaidia sana. Aitwe, naye apewe chakula."

Lukresia akajifuta jasho kwa khanga.

"Huyo hapo amesimama," alisema. "Na binti mnayemwomba ni wake."