Shangingi Linalovuta Kushoto

Jumatatu, 3 Septemba 2012. Genkuru.
Shangingi limefika! Kubwa, jeupe, la zamani, lakini lina heshima zake. Ng'ombe sita wamekwenda. Mke wangu Robi amelizunguka mara mbili, akauliza linakamuliwa wapi. Haelewi biashara. Tangu watu wamiminike huku kutafuta dhahabu, kila mnunuzi anataka gari la juu. Alhamisi Mama Zaitun, mnunuzi mkubwa kutoka Tarime, anakwenda Mugumu. Nikimfikisha salama, mimi ni dereva wake msimu mzima. Nikishindwa, kazi inakwenda kwa shemeji Kisyeri, kaka yake Robi, mwenye gari dogo na mdomo mkubwa.
Dosari mbili tu. Linavuta kushoto. Na likipita kwenye shimo, nyuma linarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

Jumanne, 4 Septemba.
Tarime, kwa fundi Shamsudin. Anataka mtu azungushe usukani huku yeye amelala chini ya gari, aone ni kitu gani kinacheza. Atapoteza siku nzima! Nikamwambia asihangaike, ni matairi. Akauliza nimejuaje. Nikamwambia nimesikiliza. Alicheka mpaka akakaa chini.
Nimehamisha matairi mwenyewe: ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Sasa litavuta kulia, nami nitakuwa nimeshajua pa kuanzia.
Limevuta kushoto.

Jumatano, 5 Septemba.
Akili imefunguka! Linaruka kwa sababu ni jepesi. Nimechimba mawe nyuma ya choo, nikajaza magunia manne, nikayapanga nyuma kabisa, mengi upande wa kulia ili kuzuia kule kuvuta kushoto. Limetulia kama fahali aliyeshiba. Usukani umekuwa mlaini ajabu, kama kukoroga uji. Kisyeri amepita, akauliza kwa nini gari langu linatazama mbinguni. Wivu!

Alhamisi, 6 Septemba.
Siku mbaya. Naandika kwa ufupi.
Saa mbili asubuhi nilimpa Mama Zaitun shikamoo ya nguvu, akapanda. Mwanzo, safi. Kisha usukani ukaanza kutetemeka mikononi. Akauliza kama naumwa malaria. Nikasema ni barabara. Mbele, shimo. Kishindo chini! Nikakata kulia, gari likaenda kushoto. Tukaingia kwenye mihogo ya mzee Simioni.
Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini mlango wa nyuma ulifunguka, gunia likapasuka, mawe yakamwagika. Mchimbaji mmoja alikuwa anapita. Akaona mawe. Akamwona Mama Zaitun, na kila mtu anajua yule mama hanunui mihogo. Akapiga yowe!
Muda si muda, watu arobaini. Walibeba mawe kwa ndoo, kwa kofia, kwa kanga. Mzee Simioni alikuja na fimbo kuuliza habari ya mihogo yake. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akatupa fimbo, akakumbatia jiwe. Wengine wakanibana: yametoka wapi? Niliogopa, nikasema ukweli.
Mama Zaitun amemalizia safari na Kisyeri, aliyekuwa nyuma yetu "kwa bahati tu".

Ijumaa, 7 Septemba.
Umati nyuma ya choo. Majembe, sururu, matusi. Choo kimeinama. Robi akasema, "Baba Mokami, akili ikirudi, ipitie dukani iniletee sukari." Anawauzia wachimbaji uji. Wamemaliza sufuria tatu.
Shamsudin kaja kwa pikipiki, kwa huruma tu. Kaniweka kwenye usukani, akalala chini. "Kulia. Kushoto. Kulia. Simama hapo hapo!" Bushi, ile raba ya chuma kinachoshika ekseli ya mbele, imekwisha, chuma kinacheza kama jino bovu. Shokapu za nyuma, zinazozuia gari kuruka, nazo zimekufa. Nikamuuliza kama ana uhakika si matairi. Akauma spana.

Jumapili, 9 Septemba.
Wachimbaji wameondoka mikono mitupu. Shamsudin alimaliza kazi jana: bushi mpya, shokapu mpya. Gari linakwenda moja kwa moja, usukani hautetemeki, mashimo halisikii. Mama Zaitun kapata habari, katuma ujumbe: tujaribu tena kesho.
Ujumbe umechelewa. Asubuhi nilikutana na jamaa wa Nyamongo, tukabadilishana. Yeye kachukua shangingi, mimi nimechukua karasha lake la kusagia mawe. Maana nimewaza: watu wote wale hawawezi kuchimba bure. Walikata tamaa mapema tu.
Robi amehamia kwa Kisyeri mpaka choo kisimame.
Karasha linapiga kelele upande mmoja na kutoa moshi. Shamsudin ameomba alifungue, alitazame. Nimemkatalia. Nimeshaweka sikio, nimeshajua. Ni ugeni tu.